Mafua: dawa ipi inasaidia kweli?

Upepo wa ziwa ukivuma hapa Lamadi, wengi husema ndio ulioleta mafua. Sivyo. Mafua huletwa na virusi, navyo huenezwa kwa mikono, chafya na kikohozi. Kwa kawaida hupona yenyewe kwa siku 7 hadi 10.

Basi tununue nini? Si vidonge vya rangi mbili. Hivyo huua bakteria, haviui virusi. Ukivimeza kwa mafua hupati nafuu mapema, tena unawazoeza bakteria dawa, na siku utakapoihitaji kweli huenda isikufae. Ni fedha iliyotupwa.

Panadoli hupunguza homa na maumivu, ila haifupishi mafua. Aspirini watoto wasipewe. Asali, kijiko kimoja kabla ya kulala, hutuliza kikohozi cha mtoto vizuri kuliko baadhi ya dawa za maji za dukani. Lakini aliye chini ya mwaka 1 asilambishwe kamwe, yaweza kumdhuru. Kujifukiza, kulikovuma sana mwaka 2020, hakuui virusi, na sufuria ya maji ya moto huunguza watoto. Tangawizi na ndimu ni kinywaji kizuri, basi.

Kwetu kuna malaria, hivyo mwenye homa apimwe damu kwanza. Tena mhesabieni mtoto pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 50 kwa wa miezi 2 hadi 12, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, mpelekeni zahanati siku hiyohiyo.