Ijue Baiskeli ya Mashindano Kabla ya Kuteremka Nayo

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali mwezi wa Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika Afrika, vijana wetu wa huku Elgeyo hawatulii. Ati kama watu wamepanda vilima vya Kigali, mbona wao wasipande vya Tambach? Mimi sina ubishi na hilo. Nchi hii imeshatoa watu. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne (2013, 2015, 2016 na 2017), alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985, na katika ujana wake alifunzwa na David Kinjah kule Kikuyu. Timu ya Kenyan Riders nayo iliwahi kuwa na makao yake hapa Iten.

Lakini juzi mama mmoja aliingia afisini bila hata kubisha. "Mwalimu, huyu kijana wa kikundi chako ameuza ndama akanunua baiskeli nyembamba kama panzi. Siku ya pili wameniletea yeye akiwa damu tupu." Nikaenda kumwona. Alikuwa amechubuka bega na shavu, lakini mifupa ilikuwa mizima. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nilifinya breki ya nyuma peke yake, kama kawaida. Baiskeli ikanirusha mbele." Tuliipeleka kwa fundi, naye aliizungusha magurudumu mara moja tu akacheka. Breki ambayo kijana aliiita ya nyuma ilikuwa ya mbele. Jambo hilo nitalirudia huko chini, maana kwanza ni lazima tuelewe hii baiskeli ni kitu gani.

Mimi mwenyewe nilitembelea familia kwa Black Mamba miaka mingi, kwa hiyo nitazilinganisha hizo mbili. Black Mamba imetengenezwa kubeba. Fremu yake ni ndefu, foko yake, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele, imepinda kwenda mbele, tairi ni nene, na mtu hukaa wima kama yuko kanisani. Ukiachilia usukani kidogo inaendelea kwenda sawa. Ukiingia shimoni inakusamehe. Baiskeli ya mashindano imetengenezwa kwa kupunguza: chuma kimepunguzwa, upana wa tairi umepunguzwa, urefu umepunguzwa, keria, kengele na madigadi vyote vimeondolewa. Kila kilichoondolewa kimeongeza mwendo, na kila kilichoondolewa kilikuwa na kazi yake ya kukulinda.

Tuanze na uzito, kwa sababu vijana wanaupenda sana. Black Mamba hufika kilo 20 na zaidi kabla hujafunga kitu chochote. Baiskeli ya mashindano ya kawaida ni kilo 8 hadi 10, na sheria ya mashindano ya kimataifa hairuhusu iwe chini ya kilo 6.8. Sasa piga hesabu. Kijana wa kilo 60 akiwa juu ya baiskeli ya kilo 22 anapandisha mlimani kilo 82. Akiwa na ya kilo 9, anapandisha 69. Kwenye mlima mkali nguvu unayotumia inafuata uzito wote, kwa hiyo amepunguziwa karibu moja ya sita ya mzigo. Hiyo ni faida kubwa. Lakini akitoka kilo 9 akaenda kununua ya kilo 7, amepunguza kilo mbili tu katika 69, na bei inaweza kuwa imepanda mara nyingi. Kwa maoni yangu huo ni wizi wa kujiibia mwenyewe. Kilo mbili unaweza kuziondoa tumboni bure, ingawa vijana wetu wengi hawana hata hilo tumbo.

Pesa iende kwanza kwenye fremu inayokutosha. Hapa wengi wanakosea, wanafuata rangi. Fremu zina saizi, mara nyingi kwa sentimita, kama vile 52, 54, 56. Kiti unaweza kukiinua na kukishusha, lakini fremu ndefu haifupishwi na mtu. Kaa juu yake mwenzako akiishikilia. Weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ndipo, ukikanyaga kwa kitako cha vidole vya mguu, goti litabaki limekunjika kidogo inavyotakiwa. Halafu shika usukani. Viwiko vikunjike kidogo, na vidole vifike kwenye mipini ya breki bila kujivuta. Kama unajivuta, rudisha hiyo baiskeli. Kijana wetu alikuwa anajivuta.

Fremu ya chuma ni nzito kidogo na inaota kutu, lakini inapunguza mtikisiko na welda mzuri anaweza kuiunga. Ya alumini ni nyepesi na ngumu, inakutikisa zaidi, na haiungwi na welda wa kawaida. Ya kaboni ndiyo nyepesi kuliko zote, na ndiyo ninayoiogopa katika mtumba. Ikiwa iliwahi kugonga kitu, inaweza kuwa na ufa ndani na juu rangi inang'aa. Gonga kila bomba polepole kwa sarafu. Mlio ukiwa mkali sawasawa mahali pote, vema. Pahali mlio unapofifia kama mtungi wenye ufa, usinunue. Na foko ichunguze kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu foko ikikatika huna nafasi ya kusali.

Magurudumu. Black Mamba nyingi zina spoki 32 mbele na 40 nyuma. Gurudumu la mashindano linaweza kuwa na 20 au 24 tu, zimekazwa sana. Moja ikikatika gurudumu linayumba mara hiyo hiyo. Tairi za zamani zilikuwa za milimita 23, zikijazwa upepo mpaka zinakuwa kama jiwe. Siku hizi hata washindani wakubwa wametoka huko, wanatumia 28 au zaidi kwa upepo mdogo, maana imeonekana kwamba tairi ngumu mno inarukaruka, na kila kuruka ni nguvu iliyopotea. Kwa barabara zetu hiyo ni habari njema. Weka tairi pana kadiri fremu inavyoruhusu. Na jambo dogo linalosumbua sana: vali yake ni nyembamba, pampu ya fundi wa sokoni haiingii. Nunua kile kiungo kidogo cha shaba cha kufungia juu yake, ukitie mfukoni pamoja na viraka. Bila hicho utasukuma baiskeli ya mashindano kwa miguu mpaka nyumbani, watoto wakikushangilia.

Inakwendaje? Mtu akiipanda mara ya kwanza anasema inamkimbia. Umbali kati ya magurudumu ni kama mita moja tu, na foko imesimama zaidi, kwa hiyo usukani unaitikia hata ukipumua. Kwenye mwendo wa kasi haipigwi kona kwa kuvuta usukani, inainamishwa, mguu wa upande wa nje ukiwa chini na uzito ukiwa juu yake. Kwenye mwendo wa polepole, ukikunja sana, kidole cha mguu kinaweza kugusa tairi la mbele, na hapo unaanguka mbele ya watu. Mgongo unainama kwa sababu ya upepo. Ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unakusukuma nyuma kwa nguvu mara nne, na ukishapita kilomita 30 kwa saa katika tambarare, nguvu yako nyingi inakwenda kupasua hewa. Ndiyo maana usukani uko chini na umepinda kama pembe za kondoo. Shingo na viganja vitauma wiki za kwanza. Vikiendelea kuuma, saizi si yako.

Gia nyingi si za maringo. Mpaka mwaka wa 1936 waendeshaji wa Tour de France hawakuruhusiwa kile kifaa kinachohamisha cheni kutoka jino hadi jino. Walikuwa wakishuka chini ya mlima, wanatoa gurudumu la nyuma na kuligeuza upande wenye meno mengine. Kiliruhusiwa mwaka wa 1937. Kwa milima yetu tafuta baiskeli yenye duara dogo la mbele la meno 34, na la nyuma lenye meno 32. Ile yenye 39 mbele na 25 nyuma itakuua magoti. Cheni ipime kwa rula ya inchi: ikiwa mpya, kutoka katikati ya pini moja mpaka ya ishirini na tano ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Ikizidi kwa moja ya nane, meno nayo yameshaliwa, na gharama imekuwa nyingine.

Sasa breki. Sisi tulizoea desturi ya Waingereza, mpini wa kulia ni wa breki ya mbele na wa kushoto ni wa nyuma. Baiskeli nyingi zinazotoka bara la Ulaya ni kinyume, mpini wa kushoto ndio wa mbele. Mtumba unakuja na desturi za kwao. Kijana wetu alikuwa anateremka kuelekea Tambach, akaona lori, akafinya kushoto kwa nguvu zote akidhani ni nyuma. Ukifunga breki uzito wa mwili unahamia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayoweza kukupindua. Kabla ya kupanda baiskeli yoyote ngeni, isukume kwa mkono, finya mpini mmoja, uone ni gurudumu gani limesimama.

Kutoka Iten mpaka daraja la Chebloch ni kushuka zaidi ya mita 1,000. Usishikilie breki kidogo kidogo njia nzima. Rimu inapata moto, na tyubu inaweza kupasuka. Finya zote mbili kwa nguvu barabara ikiwa imenyooka, kabla ya kona, mikono ikiwa kwenye pembe za chini na mwili umerudi nyuma, halafu achilia rimu ipoe. Kumbuka ukienda kilomita 60 kwa saa, breki zinahitaji umbali mara nne ya ule wa kilomita 30 ili kukusimamisha. Raba zikiwa zimekauka au waya umeanza kuchanika nyuzi, badilisha kabla ya kuteremka, si baada. Na kofia ngumu si ya wazungu. Katika mashindano makubwa imekuwa lazima tangu mwaka wa 2003, baada ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan kufa kwa kuumia kichwa katika mbio za Paris–Nice.

Fundi amehamisha waya za breki za kijana, sasa kulia ni mbele kama alivyozoea. Ametia raba mpya, na kile kipande kinachoshika usukani kimebadilishwa kwa kifupi zaidi ili asijivute. Kwa mwezi huu tumekubaliana atapanda mlima peke yake, na kuteremka atateremka na matatu, baiskeli ikiwa juu ya keria. Mama amekubali. Kuhusu ndama, bado wanaongea.