Unataka kutengeneza saa za Nixie? Anza na namba moja

Tangu niposti ile saa yangu ya namba za rangi ya chungwa, inboksi imejaa: "Kaka, nianzeje?" Wengine wameshapokea oda kabisa! Subirini kwanza.

Nixie siyo LED. Ni kichupa cha kioo chenye gesi ya neoni, ndani kuna nyaya zenye umbo la namba 0 mpaka 9, moja nyuma ya nyingine. Ukipeleka umeme kwenye waya wa 3, gesi inayouzunguka inawaka, unaona 3. Kampuni ya Burroughs ya Marekani ilizitoa 1955, baadaye LED zikazifukuza sokoni. Hizi IN-12 ninazoagiza ni za enzi za Umoja wa Kisovyeti, hazitengenezwi tena.

Nunua moja. Mimi hapa Buseresere naiwasha kwa betri ya sola ya volti 12, kupitia saketi ya kupandisha umeme mpaka volti 180. Hapo ndipo pa kuogopa. Usidanganyike na ile 12 ya betri, upande wa pili kuna umeme wa kuua mtu. Na ukizima, kapasita bado zina chaji: pima kwa mita mpaka isome karibu na sifuri ndipo uguse. Kama hujawahi kushika mita, mlipe fundi redio wa mtaani kwenu akae na wewe siku moja.

Rezista usiiruke. Taa ikishawaka inabaki na kama volti 140. 180 toa 140 ni 40. IN-12 inataka miliampea 2.5, kwa hiyo 40 gawa kwa 0.0025, unapata omu 16,000. Ukikosa hiyo, weka ya 18,000. Bila rezista taa inavuta umeme ovyo mpaka inaharibika.

Kwenye kuuza sasa. 5 ya IN-12 ni 2 iliyogeuzwa juu chini, yaani ndivyo ilivyotoka kiwandani. Iandike kwenye posti, la sivyo mteja atakwambia umemuuzia mbovu. Mzigo ukifika, washa namba zote kumi huku unarekodi video. Halafu saa izungushe namba zote kila siku, maana namba inayokaa muda mrefu bila kuwaka inapata madoa.

Hela ya mtu usiipokee kabla ile moja haijamaliza wiki inawaka vizuri. Ukipanga bei, weka humo na taa ya akiba, maana ikipasuka kwenye basi hakuna duka la jirani utakalokimbilia.