SOMO LA MWEZI: KUJIFUNZA WIMBO WA JIRANI
Mafungu ya kusoma: Zaburi 137:1-6, Waefeso 2:11-22, Waefeso 5:18-20, Wakolosai 3:16

Tunawasalimu ninyi mlioko Rhino Camp, Imvepi na Lobule, pamoja na ndugu mnaopanga vyumba mjini Arua na Koboko. Mwezi huu tunataka tujifunze juu ya nyimbo. Hatuzungumzi habari ya kwaya ipi inaimba vizuri kuliko nyingine, maana hilo limekwisha kutuletea maneno ya kutosha. Tunataka kuona jinsi wimbo unavyoweza kumfanya mgeni kuwa ndugu, na jinsi unavyoweza pia kushindwa.

Tuanze na Zaburi ya 137. Watu wa Yuda wamepelekwa Babeli, wameketi kando ya mito wakilia, vinubi vyao wamevitundika mitini. Mara nyingi tunalihubiri fungu hili kama habari ya huzuni tu, nasi tunalielewa upesi kwa sababu tumeketi hapo. Lakini angalieni ni nani anayeomba wimbo. Ni wale wale waliowachukua mateka. Wanataka kuburudishwa. Hawaulizi wimbo una maana gani, wala hawataki kuujifunza. Ndiyo sababu vinubi vikabaki mitini. Sisi nasi tumeona magari ya wageni yakifika, watoto wakapangwa mstari, wakaambiwa imbeni, picha zikapigwa, magari yakaondoka. Hatusemi ni dhambi. Tunasema hapo hakuna aliyemjua mwenzake.

Paulo anatuonyesha njia nyingine. Kanisa la Efeso lilikuwa la Wayahudi na watu wa Mataifa, watu waliokuwa wakikwepana hata mezani. Katika sura ya pili anawaambia kwamba Kristo ameubomoa ukuta uliokuwa katikati yao, na walio wageni sasa ni watu wa nyumba moja. Kisha katika sura ya tano anawaagiza wasemezane kwa nyimbo. Kwa Wakolosai anaongeza kwamba kwa nyimbo wafundishane na kuonyana. Basi wimbo unamwendea Mungu, na tena unamwendea mwenzako aliyesimama karibu. Kama huyo wa karibu hakuelewa, nusu ya kazi imebaki.

Sasa tuje kwetu. Simama kwenye foleni ya pampu asubuhi, utasikia Kilugbara, Kikakwa, Kibari, Kidinka, Kinuer, Kiarabu cha Juba, Kibangala na Kiswahili. Jumapili kila kundi linakwenda chini ya mti wake. Ni vema mama amwombe Mungu kwa lugha aliyozaliwa nayo, na hatutaki kumnyima hilo. Lakini kama tunakutana kwenye maji na siku ya mgao tu, basi tunakutana mahali pa ugomvi tu. Hatujasahau Septemba 2020, jinsi magomvi ya kwenye maji kati ya vijana wenyeji na wakimbizi huko Rhino Camp yalivyoishia kwa wakimbizi kumi kuuawa. Hatudanganyi kwamba wimbo ungezuia silaha siku ile. Tunasema kwamba watu wasiojuana majina wala nyumba hawana pa kuanzia siku maneno yanapowaka.

Tena wenyeji wetu si wageni katika jambo hili la kukimbia. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, na vita vilipoingia Koboko na Arua mwaka 1980, watu wengi sana wa West Nile walivuka kwenda Sudan na Zaire. Walikaa upande wa Yei, walikaa upande wa Aru, na wengi hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1980 na baadaye. Walilala kwenye nyumba za baba zetu. Mama mmoja mzee, jirani wa kanisa letu, alitusikia tukiimba kwa Kibangala akiwa anapita na kuni. Akazitua, akaingia, na tulipofika ubeti wa pili tukasikia anaimba pamoja nasi bila kitabu. Aliujua wimbo tangu siku zake za ukimbizi upande wa Aru. Tangu hapo hatumwiti mwenyeji, tunamwita Mama yetu.

Na Wakakwa je? Hao wako Koboko, wako Yei, wako upande wa Kongo. Mipaka mitatu, lugha moja. Wengi wa ndugu waliopokelewa Lobule wanasema lugha moja na waliowapokea. Hapo wimbo hauna hata haja ya kutafsiriwa, unahitaji tu mtu wa kuuanzisha.

Kwa wengine kazi ni kubwa zaidi, na hapa kwaya zetu zisikilize kwa makini. Kilugbara, Kikakwa, Kibari na Kidinka ni lugha za sauti ya kupanda na kushuka. Neno lile lile, ukilipandisha, linaweza kuwa kitu kingine kabisa. Ninyi mnaosema Kilendu au Kialur mnalijua hilo, lakini sisi tuliozoea Kiswahili hatulisikii. Basi ukichukua pambio la Kiswahili, ukalitafsiri neno kwa neno na kulivika sauti ile ile, wenyeji wanaweza kusikia jambo ambalo hukukusudia, na kwa adabu yao watanyamaza. Nyimbo za wamisionari zilipata shida hiyo hiyo. Afadhali uwape wenye lugha yale mafundisho ya wimbo, nao wautunge wenyewe kwa sauti yao.

Ndivyo walivyofanya ndugu zetu Wadinka. Katika vita vya Sudan, tangu 1983 mpaka 2005, hasa vijana na akina mama walitunga nyimbo nyingi mpya za Kikristo kwa lugha yao. Mmoja anayejulikana sana ni Mary Alueel Garang, mwanamke wa Bor. Nyimbo za namna hiyo zina habari ya vifo, njaa na njia ndefu. Kwa hiyo ukitaka kujifunza mmoja, kwanza keti uulize ulitungwa wapi na kwa sababu gani. Huenda ukasikia ushuhuda wa saa nzima kabla ya kupata ubeti wa kwanza. Usiharakishe.

Kuna na jambo la kuogopwa. Sauti nyingine zilikuwa za jeshi kabla hazijaingia kanisani. Mtu aliyekimbia jeshi hilo akiisikia, moyo wake unarudi kichakani. Hata Kiswahili chetu, kwa wazee wengi wa Uganda, kilikuwa kwa miaka mingi lugha ya askari kwenye kizuizi. Kama mzee ananuna tukianza kuimba, tumuulize kabla ya kumhukumu.

Basi tunaomba kila kwaya, kabla ya Pasaka, ijifunze wimbo mmoja tu kutoka kwa jirani wa kabila lingine. Msiuchukue kwenye simu. Nendeni nyumbani kwake, mketi, mkubali kuchekwa na watoto wake mnapokosea. Mwulizeni kama anapenda uimbwe kanisani, maana nyimbo nyingine ni za msiba na zina mahali pake. Kama kuna mpigaji wa adungu, kile kinubi cha Waalur ambacho sasa kinasikika makanisani sehemu nyingi za Uganda, mwalikeni naye, ngoma zetu zipunguze kelele ili nyuzi zisikike. Siku ya kuimba, aliyewafundisha asimame mbele, atangulie yeye. Wimbo wenu mtamfundisha akiwaomba.

Kwa mazungumzo ya vikundi vya nyumbani: Ni wimbo gani wa jirani unaousikia kila wiki na hujui maana yake? Ni nani katika bloku yenu anayeweza kukuambia, na je, unajua mlango wake?