NENO "NOD" LILIVYONIPONZA

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na yaliyonipata ndiyo haya.

Muhula wa kwanza tulipewa zoezi la kutafsiri hadithi fupi kutoka Kiingereza. Mshtakiwa alikuwa akijitetea kortini mbele ya hakimu mzee, kisha ikaja sentensi hii: "The judge nodded all afternoon." Bila kufikiri nikaandika, "Hakimu aliitikia kwa kichwa alasiri yote." Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, akaniuliza, "Ikiwa hakimu alikubali yote, mbona mshtakiwa akafungwa?" Darasa zima likaangua kicheko. Kumbe hakimu alikuwa akisinzia! Mtu amefungwa bila kusikilizwa, nami kwa kalamu yangu nimemfanya hakimu aonekane msikilizaji mwema.

Tangu siku hiyo nimelichunguza neno hili. Lenyewe hutaja mwendo mmoja tu, kichwa kushuka na kuinuka, lakini maana zake ni nyingi:

1. Kukubali. "She nodded" ni "aliitikia kwa kichwa". Usiandike "alitikisa kichwa" ukakomea hapo, kwani kwetu mtu hutikisa kichwa hata akikataa au akisikitika.

2. Kusalimu. Watu wakipishana njiani, "he nodded to me" ni "alinisalimu kwa kichwa". Hapa hakuna aliyekubali lolote.

3. Kusinzia. "Nod off" ni kushikwa na usingizi ukiwa umeketi, kichwa kikianguka chenyewe. Si unajua kipindi cha kwanza baada ya chakula cha mchana?

4. Kuidhinisha. "Give the nod" ni kutoa idhini au kumteua mtu, hata kwa barua, kichwa kisisogee kamwe.

5. Kufunga bao. Watangazaji wa kandanda husema mchezaji "nodded the ball in", yaani alifunga kwa kichwa.

Isitoshe, Waingereza huuita usingizi "land of Nod", nchi ya Nodi. Katika Biblia, Mwanzo 4:16, Kaini alikwenda kukaa Nodi, mashariki ya Edeni. Lakini kwa Kiebrania jina hilo lahusiana na kutangatanga wala si kulala. Ni sauti tu zilizofanana, na mwandishi Jonathan Swift alizifanyia mzaha katika kitabu chake cha mwaka 1738.

Basi ukikutana na neno hili, jiulize: Je, kuna aliyeulizwa jambo? Kuna aliyechoka? Kichwa kilisogea kweli? Majibu yamo katika sentensi za jirani. Kamusi itakupa maana zote, lakini kuchagua ni kazi yako, na ukichagua vibaya unaweza kumgeuza aliyelala kuwa shahidi.

Haya, mwenzangu, usisinzie. Kiswahili kitukuzwe!