Mikunjo ya Vim: Nini Kinafunguka Chenyewe na Nini Hakifunguki



Somo la leo ni la wale wanaoandika ripoti, msimbo wa programu au kumbukumbu za jumuiya kwenye faili za maandishi matupu, hasa wanaotumia Vim. Anayetumia Word naye asigeuze ukurasa, maana hata huko kichwa cha habari kilichokunjwa, ukikichagua na kukifuta, huondoka na aya zilizo chini yake. Swali letu ni hili: programu inapoficha maandishi ili skrini isijae, ni wakati gani itakufunulia bila kuombwa, na ni wakati gani itakuacha uyaguse bila kuyaona?

Chukua mfano wa mweka hazina wa jumuiya. Ramadhani imeingia, na yeye anaandika michango ya futari katika faili moja. Kila bweni lina kichwa chake, na chini ya kichwa kuna majina ya waliotoa, kila jina na kiasi chake. Baada ya wiki mbili faili ina mistari zaidi ya mia mbili, na kutafuta bweni moja ni kushuka na kupanda mpaka kidole kichoke. Hapo ndipo mikunjo inapofaa. Anaweka alama ya mabano matatu ya kufungua mwisho wa kila kichwa, na mabano matatu ya kufunga chini ya jina la mwisho, hivi:

Bweni la Mashariki {{{
(majina 45, kila moja kwenye mstari wake)
}}}

Kisha anaandika amri hii:

:set foldmethod=marker

Papo hapo mistari yote ya bweni inajikunja na kubaki mstari mmoja tu kwenye skrini, unaosomeka hivi:

+-- 47 lines: Bweni la Mashariki ------

Namba 47 ni majina 45, pamoja na mstari wa kichwa na mstari wa alama ya kufunga. Mabweni matano yanakuwa mistari mitano, na faili nzima inaonekana bila kusogeza skrini. Hakuna kilichofutwa wala kuhamishwa. Mkunjo ni jambo la macho tu; kwenye diski kila jina liko mahali pake. Kwa hiyo pia usidhani mkunjo ni kabati lenye kufuli. Atakayefungua faili hiyo kwa programu nyingine ataona kila kitu, na mwenye kuficha nywila ndani ya mkunjo hajaficha kitu.

Kwa mkono, mkunjo unafunguliwa kwa zo na kufungwa kwa zc. Kitufe cha za kinageuza: kilichofungwa kinafunguka, kilichofunguka kinafungwa. Kwa faili nzima, zR inafungua yote, zM inafunga yote. Hizi zinajifunzwa kwa siku moja. Yanayotaka utulivu ni yale ambayo Vim inayafanya yenyewe.

Kabla ya hapo, neno moja kwa wasomaji wetu wa Uganda. Vim ilitolewa mwaka 1991 na Bram Moolenaar, Mholanzi aliyefariki Agosti 2023. Mwaka 1994 alijitolea kufanya kazi kwa mwaka mmoja katika kituo cha watoto cha Kibaale, upande wa Rakai, kusini mwa Uganda. Programu hii inagawiwa bure, na ndiyo sababu kwa miaka mingi skrini yake ya kwanza imekuwa ikiomba msaada kwa ajili ya watoto maskini wa Uganda. Wengi wanaoiona huko Ulaya na Marekani hawajui Rakai ni wapi. Sisi tunaweza kupanda basi tukafika. Mikunjo yenyewe iliingia baadaye, katika toleo la 6.0 la mwaka 2001.

Turudi kwenye somo. Vim ina mpangilio uitwao foldopen. Huo ni orodha ya aina za mwendo ambazo, kishale kikiingia ndani ya mkunjo kwa mwendo huo, mkunjo unafunguka wenyewe. Bila wewe kugusa chochote, orodha hiyo tayari ina mambo manane. La kwanza kulizoea ni mwendo wa kulia na kushoto: kishale kikiwa juu ya mkunjo, bonyeza l, na mkunjo unafunguka. La pili, na kwangu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, ni kutafuta. Andika /Zainabu kisha Enter. Kama jina hilo liko ndani ya bweni lililokunjwa, bweni hilo linafunguka na kishale kinasimama kwenye jina. Miongoni mwa mengine ni kurudi mahali ulipopawekea alama, kuruka kutoka bano hadi mwenzake, kufuata orodha ya makosa ya programu, na kutendua kwa u. Hili la kutendua tutalihitaji hivi punde.

Kupanda na kushuka kwa j na k hakumo katika orodha hiyo, na hakumo kwa makusudi. Kama mkunjo ungefunguka kila unapopita juu yake, usingeweza kusimama juu ya mkunjo uliofungwa hata kidogo, na kukunja kusingekuwa na maana. Kwa hiyo ukishuka, mkunjo mzima unahesabiwa kama mstari mmoja.

Hapo ndipo penye hatari. Mweka hazina wetu anaona mstari wa Bweni la Mashariki, anafikiri kichwa kimeandikwa mara mbili, anataka kukiondoa. Anashuka kwa j hadi hapo na kubonyeza dd, amri ya kufuta mstari mmoja. Machoni mwake ni mstari mmoja. Kwa Vim ni mistari 47. Yote inaondoka. Chini kabisa ya skrini yanatokea maneno madogo kwamba mistari imepungua kwa 47, na asiyezoea kutazama chini hayaoni. Anahifadhi, anafunga kompyuta, anakwenda kuswali Tarawehe. Watu 45 waliotoa hawamo tena katika daftari, na fedha zao zimo mfukoni mwake bila majina. Akiulizwa, atajibu nini?

Kanuni iliyomponza ni hii: amri yoyote ya kutenda, iwe kufuta, kunakili au kubadilisha, ikikuta mkunjo uliofungwa inauchukua wote, na foldopen haiingilii. Hata dw, ambayo kwa kawaida hufuta neno moja, ikitumika juu ya mkunjo uliofungwa hufuta mkunjo mzima. Nilisema mwendo wa kulia unafungua mkunjo. Ni kweli, lakini mwendo huohuo ukitanguliwa na d haufungui. Wanafunzi wengi huchanganya hapa, wakidhani kwamba kwa kuwa Vim hufungua wakiandika au wakitafuta, basi itafungua pia wakifuta. Kuandika kunafungua: ingia katika hali ya kuandika juu ya mkunjo, na mara maneno yanapoingia mkunjo unakuwa wazi. Kufuta hakufungui.

Simlaumu aliyeibuni. Kanuni hiyo ina faida kubwa kwa anayeijua: bweni zima linahamishwa kutoka juu ya faili hadi chini kwa dd na p tu, bila kuhesabu mistari. Tatizo ni kwamba kitendo kilekile kinamfaa anayejua alichoshika na kinamdhuru asiyejua.

Dawa iko ya namna mbili. Ya kwanza ni kuiambia Vim ifungue kwa kila mwendo:

:set foldopen=all

Sasa kishale kikitua juu ya mkunjo kwa njia yoyote, hata kwa j, unafunguka. Ukibonyeza dd baada ya hapo unafuta mstari mmoja ulio mbele ya macho yako. Lakini mikunjo uliyopita itabaki wazi nyuma yako na faili itarudi kuwa ndefu. Kwa hilo ongeza mwenzake:

:set foldclose=all

Huu hufunga mkunjo mara kishale kinapotoka. Viwili hivi vikiwa pamoja, bweni linafunguka unapoingia na kujifunga unapotoka. Kwa wanaoanza ndiyo mpangilio ninaoupendekeza. Kasoro yake utaiona mapema: ukibonyeza zc juu ya mkunjo ulipo, utaona kama haifanyi kazi, kwa sababu mkunjo unafungwa na kufunguliwa palepale. Huwezi tena kushika bweni zima kwa dd moja. Tena ulinzi wenyewe si kamili. Ukiwa kwenye mstari ulio juu ya mkunjo uliofungwa na ukabonyeza 2dd, mstari huo unaondoka pamoja na mkunjo wote wa chini yake, kwa sababu kishale hakikuwahi kutua ndani ili kuufungua.

Namna ya pili ni kubaki na orodha ya mwanzo na kuongeza kinachokosekana. Anayeandika programu mara nyingi huambiwa na msimamizi wake atazame mstari wa 120. Anabonyeza 120G, anatua juu ya mkunjo uliofungwa, na mstari wa 120 haonekani. Miruko mirefu ya namna hiyo haimo katika orodha ya mwanzo. Iongeze hivi:

:set foldopen+=jump

Zingatia alama ya kujumlisha. Ukiisahau unafuta orodha yote ya zamani na kubaki na jump peke yake, kisha unashangaa kwa nini kutafuta hakufungui tena. Na kama umejitengenezea vitufe vyako vya mkato, ujue kwamba amri inayoendeshwa ndani ya mkato haifuati foldopen kabisa. Mwisho wa mkato weka zv, amri inayofungua mikunjo kwa kiasi cha kutosha tu ili mstari wenye kishale uonekane. Kwa mfano:

nnoremap n nzzzv

Hapo n inakwenda kwenye neno linalofuata, zz inaliweka katikati ya skrini, na zv inalifunua.

Badilisho la faili nzima nalo lisikupite. Amri ya :%s/Amina/Aminah/g inapita ndani ya mikunjo yote iliyofungwa na kubadilisha bila kukuonyesha hata mstari mmoja. Ongeza c mwishoni, iwe gc, na Vim itasimama kila mahali, ikufunulie mstari, ikuulize ndiyo au hapana. Katika orodha ya majina ya watu sioni sababu ya kuiacha hiyo c.

Kama maji yamekwisha kumwagika, bonyeza u kabla ya jambo lingine lolote. Mistari 47 inarudi, na kwa kuwa kutendua kumo katika foldopen, inarudi ikiwa wazi, nawe unaona ulichokuwa umekifuta. Kutendua kwa kawaida kunakwisha unapofunga faili, ndiyo maana mweka hazina wetu aliyezima kompyuta hana pa kurudi. Tangu toleo la 7.3 la mwaka 2010 kuna :set undofile, inayohifadhi historia ya kutendua kwenye diski, hata kesho yake u ikafanya kazi. Iweke leo katika faili yako ya .vimrc, ambayo kwenye Windows huitwa _vimrc.

Toleo hilohilo la 7.3 lilileta ufichaji wa aina nyingine, unaowahusu wanaoandika hesabu kwa LaTeX. Ukiweka :set conceallevel=2, maandishi ya \alpha yanaonekana kwenye skrini kama α. Kishale kikifika kwenye mstari huo, maandishi halisi yanajitokeza ili uyahariri, na kikiondoka yanajificha. Kinachotawala hilo ni concealcursor, ambao mwanzoni ni mtupu. Uache mtupu. Ukiujaza, hata mstari unaouhariri unabaki umefichwa, na utahangaika kutafuta herufi ambayo huioni.

Zoezi la dakika kumi, inshaAllah: tengeneza faili ya majaribio yenye mabweni matatu na majina matano katika kila moja, ya kubuni. Weka foldmethod=marker, shuka kwa j hadi bweni la pili, bonyeza dd na usome maneno ya chini ya skrini. Bonyeza u, funga tena kwa zc, kisha weka foldopen=all na foldclose=all. Panda hadi bweni la kwanza, shuka tena mpaka la pili, bonyeza dd. Mara ya kwanza yataondoka majina yote na alama zake, mistari 7. Mara ya pili mstari mmoja. Mwisho jaribu 2dd ukiwa kwenye alama ya kufunga ya bweni la pili, nawe uhesabu ni majina mangapi ya bweni la tatu yaliyosalia.