Paa Likivuja Mji wa Kale, Nani wa Kulitengeneza?

Familia nyingi zinazotafuta nyumba Mombasa huvutiwa na Mji wa Kale, na haki yao. Watoto hucheza vichochoroni bila kuhofia matatu, msikiti uko karibu, na mzee aliyekaa barazani anajua kila mtoto ni wa nani. Kinachowaumiza ni jibu wanalopewa mvua ikianza kuingia ndani: "Nyumba ya zamani hii, ndivyo zilivyo." Sheria ya Kenya haikubali jibu hilo, wala mpangaji hapaswi kulikubali.

Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinamfunga mwenye nyumba kwa ahadi kadhaa, hata kama mkataba umezinyamazia. Mbili zinamhusu sana aliyepanga ghorofa moja ndani ya jumba la kale. Nyumba au chumba cha kuishi sharti kifae kukaliwa siku unayoingia, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Na pale inapokodishwa sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji taka na sehemu za pamoja kama ngazi ni juu ya mwenye nyumba kuzitunza. Wewe kazi yako ni kulipa kodi na kuitunza sehemu uliyopanga. Ukiletewa mkataba unaokubebesha paa, usiutie sahihi.

Ikague nyumba kabla hujatoa pesa. Majumba haya yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Tazama ncha ya boriti pale inapoingia ukutani, maana hapo ndipo unyevu hukaa na mti ukaanza kuoza. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga, unyevu umeshaingia. Ukuta uliopigwa saruji juu ya chokaa usikudanganye kwa ulaini wake, kwani saruji huzuia ukuta kupumua na jiwe huendelea kulika kwa ndani. Piga picha kila kasoro, iandikwe kwenye mkataba, na nyote wawili mtie sahihi. Hizo ndizo zitakazoilinda dipoziti yako siku ya kuhama.

Uliza pia nyumba ni ya nani. Mji wa Kale una nyumba za wakfu na za urithi usiogawanywa, na mpangaji huweza kumlipa ndugu mmoja, kisha mwezi unaofuata ndugu mwingine akabisha hodi akidai kodi ile ile. Omba kuona karatasi inayompa anayekukodisha mamlaka hayo, na kila malipo yawe na risiti au ujumbe wa M-Pesa. Mkataba usiozidi miaka 2 waweza kuwa wa mdomo kisheria, lakini nakusihi uandikwe.

Eneo hili limehifadhiwa kisheria tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo turathi za aina hii zinalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Kubadilisha mlango wa nakshi, dirisha au sura ya nje kunahitaji idhini, na katazo hilo linakuhusu wewe mpangaji pia. Mwenye nyumba naye asijifiche nyuma yake: aombe kibali, alete fundi anayejua chokaa, atengeneze.

Asipotengeneza, mwandikie barua yenye tarehe na picha, umpe muda, ubaki na nakala. Usikimbilie kusimamisha kodi kwa hasira, kwa sababu hapo wewe ndiwe utakayeonekana umevunja mkataba. Moto, mafuriko au dhoruba ni jambo jingine. Vikiifanya nyumba isikalike bila uzembe wako, kodi husimama kwa kiasi cha uharibifu, na miezi 6 ikipita bila nyumba kurekebishwa, unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya maandishi ya mwezi 1.

Kulalamika si kosa la kufukuziwa. Anayelipa kodi kila mwezi ana haki ya notisi isiyopungua mwezi, inayokwisha siku ya kulipa kodi. Kukufungia mlango kwa kufuli au kukukatia maji ili uhame ni kukunyima haki ya kukaa kwa utulivu, haki iliyomo katika kifungu kile kile cha 65.

Baraza la Kodi za Nyumba husikiliza kesi za nyumba ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa hiyo wapangaji wengi wa leo watalazimika kwenda mahakamani. Dipoziti ikizuiwa, Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaruhusiwa kujisimamia bila wakili. Nenda na mkataba, risiti, picha za siku ya kuingia na nakala ya ile barua.