Soko la ngoma ya Kiayalandi: hatua ni za wote, jina lina mwenyewe

Kahawa hupimwa kwa kilo, saruji kwa mfuko na mafuta kwa lita. Onyesho la jukwaani halina kipimo cha namna hiyo. Likishachezwa limekwisha, na kiti kilichobaki kitupu usiku wa leo hakiwezi kuwekwa ghalani kiuzwe kesho. Hata hivyo, maonyesho ya ngoma ya Kiayalandi yamejaza kumbi za London, New York na Beijing, na biashara hiyo imedumu kwa zaidi ya miaka 30. Somo la juma hili linaangalia jinsi ilivyojengwa, na nani hasa anayefaidika nayo.

Jaribio la dakika saba

Tarehe 30 Aprili 1994, mashindano ya nyimbo ya Eurovision yalifanyika katika ukumbi wa Point mjini Dublin. Ayalandi ilikuwa mwenyeji kwa sababu ilishinda mwaka uliotangulia. Wakati kura zikisubiriwa, shirika la utangazaji la nchi hiyo, RTÉ, lilionyesha mchezo wa dakika kama saba uitwao Riverdance. Muziki ulitungwa na Bill Whelan, mtayarishaji alikuwa Moya Doherty, na wachezaji wakuu walikuwa Michael Flatley na Jean Butler, wote wawili wazaliwa wa Marekani wenye asili ya Ayalandi.

Ngoma yenyewe ilikuwa ya zamani: mwili umenyooka, mikono imetulia ubavuni, kazi yote inafanywa na miguu. Kilichokuwa kipya ni namna ya kuiuza. Safu ndefu ya wachezaji iligonga sakafu kwa mapigo mamoja, mavazi yalikuwa mepesi badala ya magauni mazito yenye tarizi ya mashindanoni, na muziki ulipanda hatua kwa hatua hadi kileleni.

Kwa lugha ya soko, hilo lilikuwa jaribio la bidhaa mbele ya watazamaji wa nchi nyingi kwa usiku mmoja. Majibu yalikuja haraka. Sahani ya muziki huo ilishika nafasi ya kwanza nchini Ayalandi kwa majuma 18. Baada ya dalili hiyo ndipo Doherty na mumewe, John McColgan, aliyekuwa mwongozaji, walipotayarisha onyesho kamili. Lilifunguliwa tarehe 9 Februari 1995 katika ukumbi uleule wa Point. Mwaka huohuo lilikwenda London, na Machi 1996 lilifika Radio City Music Hall ya New York, ukumbi wenye viti karibu 6,000. Mpangilio huu unafaa kukumbukwa: mahitaji yalipimwa kwanza, mtaji mkubwa ukafuata.

Ghala la wachezaji

Wengi walishangaa kuona wachezaji wengi kiasi hicho wenye ustadi wamepatikana mara moja. Hawakupatikana mara moja. Njaa kuu ya miaka ya 1840 iliwasukuma Waayalandi wengi kuhama, na popote walipofanya makazi, kama Chicago, Boston au miji ya Uingereza, watoto wao waliendelea kufundishwa ngoma. Mashindano ya dunia ya ngoma hiyo yalianza mwaka 1970, na Flatley, mzaliwa wa Chicago, alikuwa Mmarekani wa kwanza kuyashinda, mwaka 1975.

Kwa hiyo wazazi ndio waliolipa ada ya mafunzo, viatu na nauli kwa miaka mingi. Hata hivyo, bingwa akishafikia kilele hakuwa na soko kubwa la ustadi wake, isipokuwa kufungua darasa na kufundisha wengine. Wauzaji wa ustadi walikuwa wengi, wanunuzi wachache mno. Mwekezaji aliyeingia mwaka 1995 alikuta ghala limejaa, na gharama ya kulijaza ilikwisha kulipwa na watu wengine.

Hesabu ya jukwaa

Mwaka 1966 wachumi wa Marekani William Baumol na William Bowen walieleza tatizo la sanaa za jukwaani. Kiwanda cha viatu kinaweza kununua mashine na kuzalisha jozi nyingi zaidi kwa wafanyakazi walewale. Ngoma haina mashine hiyo. Safu ya wachezaji 30 inahitaji watu 30, na wimbo wa dakika tano huchukua dakika tano. Mishahara ikipanda kila mahali, gharama ya onyesho hupanda bila uzalishaji kuongezeka.

Tuchukue mfano, tarakimu zikiwa za kubuni ili kurahisisha hesabu. Ukumbi una viti 1,000, kiingilio ni 10, na kuna maonyesho manane kwa juma. Ukijaa kila siku, mapato ni 80,000. Gharama za juma, yaani mishahara, ukumbi na usafiri, ni 60,000. Ziada ni 20,000. Ikiwa matayarisho yote yaligharimu 2,000,000, mtaji utarudi baada ya majuma 100. Watazamaji wakipungua hadi robo tatu ya viti, mapato yanakuwa 60,000 na ziada inakwisha kabisa. Huo ndio ubavu mwembamba wa biashara hii.

Sasa tuseme kati ya zile 2,000,000, kiasi cha 1,500,000 kilitumika kutunga muziki, kubuni hatua na kufanya mazoezi ya kwanza. Kikundi cha pili hakihitaji kurudia kazi hiyo. Kinahitaji mavazi, vifaa na safari, yaani 500,000, ambazo hurudi kwa majuma 25 tu. Riverdance ilifuata njia hiyo: vikundi kadhaa, vilivyopewa majina ya mito ya Ayalandi, vilizunguka nchi mbalimbali kwa wakati mmoja. Juu ya hapo ziliuzwa kanda za video na sahani za muziki, bidhaa ambazo nakala yake ya elfu kumi haihitaji mchezaji avae viatu tena.

Nyota anapoondoka

Oktoba 1995 biashara ilipata mtikisiko. Flatley, aliyekuwa sura ya onyesho, aliondoka baada ya kutoelewana na watayarishaji kuhusu mkataba na mamlaka ya kisanii. Nafasi yake ilichukuliwa na Colin Dunne, bingwa mzaliwa wa Uingereza. Onyesho halikufa. Watazamaji walikuwa wakinunua jina, muziki na ile safu ndefu, si mtu mmoja peke yake.

Flatley naye hakufa njaa. Mwaka 1996 alifungua onyesho lake, Lord of the Dance, katika ukumbi uleule wa Point, nalo likazunguka dunia. Hakuna aliyeweza kumzuia kupiga hatua zilezile, kwa kuwa hatua za jadi ni mali ya wote. Asingeweza kuchukua jina la Riverdance wala muziki wa Whelan. Hapo ndipo mpaka ulipo: urithi ni wa taifa zima, lakini jina lililosajiliwa, utunzi mpya na picha zilizorekodiwa vina mwenyewe, na mrabaha huenda kwake.

Ushindani huo uliwasaidia pia wachezaji wa safu. Sasa palikuwa na waajiri zaidi ya mmoja. Pamoja na hayo, hali yao si sawa na ya mwenye jina. Miaka ya kucheza ni michache, miguu na magoti huumia, na anayetoka leo hubadilishwa kesho na mwingine kutoka ghala lilelile. Ubora wa mfumo kwa mwekezaji, yaani kutomtegemea mtu mmoja, ndio udhaifu wa mchezaji anapokwenda kudai mshahara. Machi 2020, maradhi ya korona yalipofunga kumbi wakati wa ziara ya miaka 25 ya Riverdance, tofauti hiyo ilionekana. Mwenye haki miliki alibaki na mali inayoweza kusubiri, na filamu ya katuni yenye jina hilo ilitoka mwaka 2021. Mchezaji alibaki na miguu yake na jukwaa lililofungwa.

La kuzingatia

Anayetaka kuweka fedha katika sanaa ya jukwaani na ajiulize maswali manne kabla ya kusaini. Je, mahitaji yamepimwa kwa gharama ndogo? Nani amelipia mafunzo ya wasanii, na wako wa kutosha? Viti vingapi lazima viuzwe kabla ziada haijaanza? Na jina, muziki na kanda vimeandikwa kwa nani? Msanii naye ana swali lake moja, ambalo hulipwa vizuri zaidi likiulizwa siku ya kwanza ya mazoezi kuliko siku ya mwisho ya ziara: katika hivyo vinavyobaki baada ya pazia kufungwa, fungu lake liko wapi?